Mwanangu anapanda miti, lakini daladala hataki

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimetoka pande tofauti za jiji na zote zinazungumzia jambo moja: vijana wetu wa sekondari wanafikaje shuleni, na kwa nini wanaacha usafiri ulio salama kwa mazingira wakati wanaujua. Nimefundisha jiografia katika shule za kata za Dar es Salaam hadi kustaafu, na hili jambo liko moyoni mwangu. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana najua wazazi wengi wanajiuliza hilohilo na hawana pa kulipeleka.

*Mwalimu, shikamoo. Naishi Tabata Bima, nina watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili, shule yake iko Ilala. Huyu mtoto ni katibu wa klabu ya mazingira. Nyumbani ukisahau taa inawaka atakuja kuizima na kukuhubiria mabadiliko ya tabianchi. Picha zake akipanda miti zimejaa kwenye simu yangu. Kila siku nampa shilingi 400 za nauli, kwenda na kurudi, pamoja na buku ya chai. Juzi jirani kaniambia amemwona Buguruni juu ya bodaboda, wamepigwa mshikaki wanafunzi watatu na dereva wao, hakuna hata mmoja mwenye kofia. Nilipombana akakiri kwamba hela ya chai ndiyo anayolipia, kisha anashinda njaa hadi saa nane. Nikamuuliza, na mazingira yako je? Akanyamaza. Baba yake anasema nimwongezee hela apande bodaboda peke yake, au la, yeye ampeleke kwa gari. Mimi naona hiyo elimu ya mazingira haimwingii. Nifanyeje?*
*Mama wa Tabata Bima*

Marahaba, mama mwenzangu. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo naona linakuuma zaidi. Elimu imemwingia. Mtoto asiyejali ukimuuliza swali kama lile anakujibu chochote na kupita zake. Wako alinyamaza kwa kuwa anajua kabisa anachofanya hakifanani na anachohubiri, na hajui aanzie wapi kukueleza.

Mwanasaikolojia Icek Ajzen aliandika mwaka 1991 nadharia ambayo watafiti wa usafiri wanaitumia hadi leo. Kwa ufupi, anasema mtu halifanyi jambo kwa sababu tu analiona jema. Anapima na mengine mawili: watu anaowathamini watamwonaje akilifanya, na je, ana hakika ataliweza? Sasa mweke mwanao hapo. Kwamba daladala ni nafuu kwa hewa ya jiji kuliko pikipiki, hilo analiamini. Hayo mawili mengine ndiyo yanayovunjika kituoni kila asubuhi, hata jua halijachomoza vizuri.

Nakuomba siku moja uende ukasimame pale Bima saa kumi na mbili na robo asubuhi. Simama kando, asikuone. Utaona Kosta linakuja kutoka Segerea, viti vyote vimeshajaa. Wanafunzi kumi na kitu, mabegi mgongoni, wamelikimbilia kabla halijasimama. Konda ananing'inia mlangoni, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine ameunyoosha kifuani kwa mtoto wa mbele. "Wakubwa kwanza! Wanafunzi wawili tu!" Wanapanda wakubwa. Wanapanda wakubwa wengine. Mkono unalegea kidogo, wanapenya wavulana wawili wenye misuli, gari linaondoka mlango ukiwa wazi. La pili ni hivyohivyo. La tatu halisimami kabisa, dereva akiona sare nyingi anakanyaga mafuta. Msichana mdogo wa kidato cha kwanza aliyefika kituoni kabla ya wote bado yuko palepale. Saa inakimbilia saa moja, geti la shule linakaribia kufungwa, na kila aliyechelewa anajua kinachomsubiri ndani. Hapo bodaboda anasogea, anasimamisha pikipiki mbele yao, anasema, "Wanangu, twendeni, buku buku."

Kwa mtoto aliyesukumwa kifuani mbele ya watu, sauti ile ni ya kwanza asubuhi hiyo kumwita kama mtu anayehitajika.

Konda naye ana hesabu yake, na ni vizuri tuielewe. Desemba 2023 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ilipopandisha nauli za daladala, mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10 alitoka 500 kwenda 600, na mwanafunzi akabaki kwenye 200. Hilo la mwanafunzi naliunga mkono kwa nguvu zote. Lakini angalia nani analibeba. Kila nafasi anayoichukua mwanafunzi inampunguzia konda shilingi 400, na jioni tajiri mwenye gari anadai hesabu yake ileile, mafuta nayo hayauzwi kwa bei ya mwanafunzi. Punguzo tulilowapa watoto wetu kama taifa tumemwachia konda alilipie mfukoni mwake, naye anawalipizia watoto mlangoni. Msimamo wangu kwa miaka mingi ni kwamba gharama hii ingebebwa na sisi sote kupitia serikali, mwenye gari arudishiwe tofauti kwa kila mwanafunzi aliyepakiwa. Siku mwanafunzi atakapokuwa abiria mwenye faida sawa na mwingine, ule mkono utashuka wenyewe.

Nasema hivi kwa kuwa nimeshuhudia. Oktoba 2012 ilipoanza treni ya mjini, ile watu walioibatiza treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, nilikuwa nafundisha karibu na njia ya reli kati ya Ubungo na Stesheni. Wanafunzi wangu waliihamia kwa kasi iliyonishangaza. Hakuna aliyekuwa amewafundisha habari za hewa ya ukaa na treni, hata mimi sikuwa nimefika kwenye mada hiyo. Nilipowauliza darasani, majibu yalikuwa mepesi: treni hairuki mwanafunzi, tunakwenda wote pamoja, na ina saa yake. Walikuwa wamechagua usafiri rafiki kwa mazingira kwa sababu ulikuwa rafiki kwao.

Sasa tuje kwa wale wenzake wawili wa kwenye mshikaki. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwakalisha watu kwenye mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Walikuwepo wa miaka 13 hadi 16, vijana wa 18 hadi 22, na watu wazima. Baadhi walicheza peke yao, wengine katika makundi ya watatu. Watu wazima walicheza karibu sawasawa, wawe peke yao au na wenzao. Wale wadogo walipokuwa na wenzao walijihatarisha zaidi kwa kiasi kikubwa. Huyo mwanao angeambiwa apande pikipiki isiyo na kofia akiwa peke yake kwenye barabara ya Uhuru, yawezekana angekataa. Wakiwa watatu wanacheka. Usiwachukie hao wenzake, mama. Nguvu hiyohiyo ndiyo utakayoitumia, nitakuambia hivi punde.

Lakini kwanza kuna jambo la nyumbani, na hapa naongea na baba pia. Nimekaa kwenye vikao vya wazazi vingi, na sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko zote ni hii: "Soma mwanangu, usije ukahangaika na daladala kama sisi." Tunaisema kwa mapenzi. Mtoto akifeli tunamtisha na daladala, akifaulu tunamwahidi gari. Jirani akinunua gari tunasema ametoka, ametoboa. Mjomba akija kwa mguu tunamhurumia kabla hata hajakaa. Kijana anayakusanya haya tangu yuko chekechea. Akifika miaka 15, umri ambao macho ya watu ni kila kitu kwake, ameshajua ngazi zote: chini kabisa anayetembea, juu yake wa daladala, kisha bodaboda, kisha bajaji, kileleni mwenye gari lake. Klabu ya mazingira inamwambia ashuke ngazi, na kila mtu mzima anayempenda alishamwambia apande. Huo ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Baba anaweza kuupunguza kwa kitu kidogo: siku moja moja aache gari nyumbani, apande na kijana wake daladala hadi Ilala, washuke pamoja pale Boma, amsindikize hadi getini. Kijana atakumbuka safari hiyo kuliko vipeperushi vyote.

Kuhusu mazingira yenyewe, tupige hesabu, maana huyu ni katibu na anapenda hoja. Petroli lita moja ikiungua inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, dizeli takriban kilo 2.7. Tuseme Tabata hadi Ilala ni kilomita 6. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita inampeleka na kurudi tupu kijiweni, kilomita 12, kiasi cha gramu 700. Akiwa peke yake, zote ni zake. Kosta hata likinywa lita nzima ya dizeli kwa safari hiyo, kilo 2.7 zinagawanywa kwa watu 30, kila mmoja anabeba gramu 90. Gari la baba likinywa lita 10 kwa kilomita 100, kumpeleka mtoto na kurudi nyumbani ni zaidi ya kilo 2 na nusu kwa mtoto mmoja, na hapo sijahesabu muda linaounguruma kwenye foleni bila kusogea. Mwambie afanye hesabu hii mwenyewe, abadilishe namba kadiri anavyoona, aipeleke klabuni. Miti aliyoipanda ni kazi njema. Safari yake ya kila siku nayo ni kazi ya klabu.

Na kuna la hatari, ambalo kwangu linatangulia hewa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wengi wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Kwa hiyo mshikaki ukome kesho, na hili sitaki ulijadili naye kwa upole. Mengine yote jadilini.

Sasa nguvu ya wenzake. Tafuta mama zao hao wawili. Nina hakika nao wanatoa hela ya chai. Kaeni pamoja, watoto wenyewe wawepo, mpange hivi: watatu hao watoke nyumbani mapema kidogo, wageuze na gari. Yaani wapande Kosta linaloelekea Segerea, wakae, wageuke nalo kuja mjini wakiwa kwenye viti. Konda hamshushi mtu aliyekaa kirahisi kama anavyomzuia aliye chini, na wakiwa watatu ni vigumu zaidi. Watalipa 200 mara mbili asubuhi na mara moja jioni. Jumla 600, yaani umwongezee 200 juu ya zile 400, na buku ya chai inabaki kuwa ya chai. Natamani nchi ambayo mtoto hahitaji ujanja huu, lakini mtoto wako anatakiwa kufika shuleni kesho. Akikataliwa au kutukanwa, aandike namba ya gari, njia na saa, nanyi wazazi mpeleke LATRA. Malalamiko ya mzazi mmoja yanapotea, ya wazazi watatu yenye tarehe na namba yana uzito. Mwende na kwa mkuu wa shule, mumwombe suala la geti: mtoto aliyeachwa na magari matatu anahitaji kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa, maana adhabu ile ndiyo inayompandisha bodaboda.

Baba naye, kama njia ya kazini kwake inapita Ilala hata hivyo, awachukue wote watatu. Gari lenye watu wanne linalokwenda linakokwenda halina ubaya. Kama inabidi azunguke, aliache.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 16, kidato cha tatu. Nimekulia Shinyanga kwa bibi, nikienda shule kwa baiskeli, na wasichana wengi kule tulikuwa tunaendesha. Mwaka jana nilihamia kwa mama mdogo, Kimara Korogwe, nikaja na baiskeli yangu kwenye buti la basi. Siku za mwanzo niliiendesha kwenda shule. Wavulana wakaanza kuniita muuza mayai. Sketi ya shule inanisumbua. Ile njia ya baiskeli pembeni mwa Morogoro Road imejaa bodaboda na meza za matunda, inabidi niingie barabarani kwenye magari. Mama mdogo naye anasema msichana mkubwa akiendesha baiskeli anaharibika. Sasa naenda kwa mguu, baiskeli iko nyuma ya mlango. Mwalimu, tatizo ni mimi au ni Dar?*
*Msichana wa Kimara*

Marahaba, binti yangu. Wewe huna tatizo lolote. Barua yako nimeisoma na kuirudia, kwa sababu ndani yake mna jibu ambalo wataalamu wanalitafuta kwa gharama kubwa. Mtoto yuleyule, baiskeli ileile, miguu ileile. Shinyanga anaendesha, Dar anaacha. Kwa hiyo kilichobadilika hakiko ndani yako.

Mtafiti Bas Verplanken na wenzake wameonyesha kwamba mazoea ya usafiri hulegea mtu anapohama, na katika kipindi hicho cha mwanzo mtu yuko tayari kupokea njia mpya. Wewe ulikuja na mazoea mazuri, jiji likakupokonya kabla hujatulia. Ila mlango huo haujafungwa, bado uko mgeni wa mwaka mmoja.

Nianze na mama mdogo. Hilo neno "anaharibika" tunalijua sisi wanawake wote, ni woga wa siku nyingi kuhusu mwili wa msichana na heshima ya nyumba, na mama mdogo amelipokea kutoka kwa waliomlea. Halina ukweli. Baiskeli haimwondolei msichana kitu chochote cha utu wake wala haimzuii kuzaa. Usibishane naye. Muombe akusindikize zahanati siku moja, amuulize nesi mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke. Na umweleze kwamba bibi aliyekulea Shinyanga alikuruhusu. Neno la mkubwa mwenzake litamfikia kuliko langu.

Wavulana sasa. Muuza mayai anaamka alfajiri, anabeba trei juu ya trei kwenye baiskeli katika jiji hili lenye mashimo, na jioni anarudi na ugali wa watoto wake. Vivyo hivyo muuza samaki na muuza mikate. Wakikuita hivyo wamekulinganisha na watu wanaofanya kazi ya haki. Najua kulisikia hilo kutoka kwangu hakuondoi joto la uso getini. Kinachoondoa ni kupata mwenzako. Kejeli ya msichana mmoja kwenye baiskeli ni rahisi, ya wasichana watatu inamchosha anayeitoa. Ulizia darasani nani anajua kuendesha. Jiji hili limejaa watoto waliotoka Tanga, Mwanza, Unguja na kwenu Shinyanga, na baadhi yao wanaficha ujuzi wao kama wewe unavyoficha baiskeli.

Sketi ni ya kutatuliwa: vaa taiti au bukta ndefu ndani, na fundi akuwekee kava ya mnyororo ili pindo lisinaswe. Mwambie akague breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma, maana miteremko ya Kimara haina mchezo. Kofia ngumu, rifrekta nyuma, na mvua ikinyesha iache nyumbani. Nenda kwa mwalimu wa malezi umwombe sehemu ya kuifungia baiskeli, hata kama ni bomba moja karibu na ofisi ya walimu ambapo watu wanapita. Shule isiyo na mahali pa kuweka baiskeli imeshawajibu wanafunzi wake kabla hawajauliza.

Barabara ndiyo siwezi kukutatulia kwa ushauri. Mwaka 2018 jiji letu lilipokea Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa ajili ya mwendokasi, na njia za miguu na baiskeli zilikuwa sehemu ya mradi ule. Tulistahili. Lakini njia ya baiskeli ambayo msichana wa miaka 16 hawezi kupita ni zege tu, na kuisafisha ni kazi ya manispaa pamoja na sisi tunaonunua matunda hapohapo juu yake. Mwenye meza naye apewe pa kwenda, hajakaa pale kwa kupenda jua. Hadi hapo, usiingie Morogoro Road kwenye magari. Tafuta njia za mitaa ya ndani, hata kama ni ndefu na zina vumbi, uzipite kwanza kwa mguu Jumamosi ukiwa na mama mdogo.

Watu hudhani Waholanzi wamezaliwa juu ya baiskeli. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watoto 400 nchini mwao. Miji yao ilikuwa imeshaanza kujengwa kwa ajili ya magari, na waendesha baiskeli walikuwa wanapungua. Wazazi na vijana wakaingia barabarani na harakati waliyoiita Stop de Kindermoord, komesheni mauaji ya watoto, wakadai mitaa salama hadi serikali ikasikia. Baiskeli unazoziona Amsterdam leo zimetokana na hasira ya wazazi. Na hapa kwetu tumeshaonyesha kwamba inawezekana: shirika la Amend lilipita kwenye shule za msingi za Dar es Salaam zenye ajali nyingi, likaweka njia za miguu, matuta, vivuko na vizuizi vya kuzuia magari, vitu vya gharama ndogo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda tuzo kubwa ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Mwalimu wako wa malezi anaweza kuandika barua kwa serikali ya mtaa akiomba tuta na kivuko mbele ya shule. Mwambie uko tayari kukusanya saini za wanafunzi.

*Habari za kazi Mwalimu. Mimi ni dereva bodaboda, kijiwe changu Mwananyamala, nina miaka 24. Wanafunzi ni wateja wangu wa asubuhi, mnatulaumu ila bila sisi wangechelewa. Nimepata mtu anataka kunipa pikipiki ya umeme kwa mkataba. Je, ni kweli haichafui mazingira, au ni maneno ya biashara?*
*Dereva wa Mwananyamala*

Njema, mwanangu. Lawama sikupi. Unaziba pengo ambalo wakubwa tumeliacha wazi, na mimi mwenyewe nimewahi kuwahishwa na vijana kama wewe.

Ni kweli kwa sehemu kubwa. Pikipiki ya umeme haina moshi, kwa hiyo yule mwanafunzi aliyekaa nyuma yako na mama anayechoma mihogo kando ya kijiwe hawavuti sumu yake. Umeme wenyewe unatoka mahali: kwetu sehemu kubwa ni maji, hasa sasa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, na nyingine ni gesi asilia inayochomwa kwenye mitambo ya Ubungo na Kinyerezi. Hata ile ya gesi, mota ya umeme inapoteza nishati kidogo sana ukilinganisha na injini yako ya petroli, ambayo sehemu kubwa ya mafuta yake inaishia kuwa joto. Kwa hiyo jiji linapata nafuu kwa vyovyote.

Haitaondoa mshikaki, lakini. Umeme ukipakia wanafunzi watatu ni hatari ileile, tena haina mlio, anayevuka barabara haisikii ikija. Weka kofia mbili ngumu, moja yako, moja ya mteja, na wakija watatu beba mmoja, wengine waitie mwenzako wa kijiweni. Wanafunzi wakizoea kwamba kijiwe chenu hakipakii mshikaki, wazazi watakuja wenyewe kukupa watoto wao kwa malipo ya mwezi.

Kabla hujasaini huo mkataba, muulize huyo mtu, na majibu yaandikwe: betri ikichoka kabla ya mkataba kuisha, nani analipa? Ikijaa inakwenda kilomita ngapi ukiwa na abiria, na je, zinatosha mizunguko yako ya siku? Kituo cha kuchajia au kubadilishia betri kiko umbali gani na Mwananyamala, na kinafungwa saa ngapi? Fundi na vipuri vinapatikana wapi hapa mjini? Siku umeme ukikatika, hesabu ya siku hiyo inasamehewa au unadaiwa? Akisitasita kwenye hilo la betri, mshukuru, endelea kutafuta mwingine.